Ibn Majid, Rubani wa Nyota

Ahmad ibn Majid alizaliwa Julfar, kwenye Ras al-Khaimah ya leo, katika karne ya 15. Baba yake na babu yake walikuwa marubani wa vyombo vya bahari, naye akairithi kazi hiyo akawapita.

Usiku rubani alipima kimo cha nyota ya Kaskazini kwa upana wa vidole. Lakini chombo kikishuka kuja pwani yetu, nyota hiyo huzama kidogo kidogo, na karibu na Ikweta hupotea machoni. Ibn Majid aliwafundisha wenzake kupima nyota nyingine zinazopanda juu zaidi, kama zile mbili ziitwazo Farkadani. Elimu hiyo aliiandika katika kitabu chake kikubwa cha ubaharia, mnamo 1490 hivi, na katika mashairi. Shairi moja lahusu njia ya Sofala.

Hata hivyo wengi humjua kwa shutuma moja tu: kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kwenda India. Wareno waling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili, 1498. Baada ya siku tano wakaiona tena nyota ya Kaskazini; Ikweta ilikuwa nyuma yao. Rubani walikuwa naye, tena hodari. Lakini waandishi wa Kireno walimtaja mtu wa Gujarat. Aliyemtaja Ibn Majid ni mwandishi wa Makka, miaka mingi baadaye.

Basi tusimhukumu mzee huyo kwa safari ambayo yaelekea hakuifanya. Kazi yake ya hakika ni vitabu vyake.