John Brown hakuwa mwendawazimu

Kila inapofundishwa historia ya kukomeshwa kwa utumwa nchini Marekani, jina la Abraham Lincoln hutangulia. Jina la John Brown hupitiwa kwa haraka, mithili ya jamaa aliyeiaibisha familia. Kwa miaka mingi baadhi ya vitabu vya shule za huko vilimwita mwendawazimu, yakaishia hapo. Mimi siikubali hukumu hiyo. Naiona kuwa njia rahisi ya kulikwepa swali gumu alilotuachia mtu huyu.

Brown alizaliwa tarehe 9 Mei 1800 mjini Torrington, jimbo la Connecticut, akalelewa Hudson katika jimbo la Ohio. Babake, Owen, alikuwa mtengenezaji wa ngozi na mcha Mungu aliyeuhesabu utumwa kuwa dhambi. Mwana alirithi ufundi na imani pia. Mkewe wa kwanza alipofariki alioa tena, na kwa jumla akajaliwa watoto 20. Katika biashara hakuwa na bahati. Ngozi, ardhi, kondoo na sufu, vyote vilimponyoka, na mnamo 1842 mahakama ikamtangaza kuwa amefilisika.

Novemba 1837, mhariri Elijah Lovejoy aliuawa na genge la watu mjini Alton, Illinois, akiulinda mtambo wake wa uchapaji. Kosa lake lilikuwa kuandika dhidi ya utumwa. Katika mkutano wa maombolezo uliofanyika Hudson, Brown alisimama akaapa mbele ya Mungu kwamba maisha yake yote yatakuwa ya kuuangamiza utumwa.

Yafaa tukumbuke kwamba wapinzani wengi wa utumwa zama hizo walitegemea kalamu na mimbari. William Lloyd Garrison, aliyeanzisha gazeti lake mnamo 1831, alipinga matumizi ya nguvu. Lakini kadiri walivyohubiri ndivyo sheria zilivyozidi kukaza kitanzi. Sheria ya 1850 iliwalazimu hata wakazi wa majimbo huru kusaidia kuwarudisha watumwa waliotoroka. Ile ya 1854 iliwaachia walowezi wa Kansas kuamua kwa kura iwapo binadamu atamilikiwa huko au la. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia. Kufikia 1860 watumwa walikuwa wamekaribia milioni nne. Mlango wa bunge ulikuwa umefungwa, na wa mahakama vilevile. Je, mtu mwadilifu angebisha wapi?

Brown hakuwapenda watu weusi kwa maneno matupu. Mwaka 1849 aliihamishia familia yake North Elba, New York, wakaishi jirani na wakulima weusi na kula nao meza moja, jambo ambalo hata wapinzani wengi wa utumwa hawakulithubutu.

Hata hivyo, asiyesema yote huwa hajasema kweli. Mnamo Mei 1856, baada ya watetezi wa utumwa kuuvamia na kuuharibu mji wa Lawrence huko Kansas, Brown aliongoza kikundi kidogo, wanawe wakiwemo, hadi kando ya kijito cha Pottawatomie. Usiku ule wanaume watano walitolewa majumbani mwao wakakatwakatwa kwa panga. Walikuwa wa upande wa utumwa, lakini hawakumiliki watumwa. Siwezi kukitetea kitendo hicho. Waswahili husema dawa ya moto ni moto, lakini moto hauchagui nyumba ya kuteketeza.

Desemba 1858 aliingia Missouri kwa silaha, akawakomboa watumwa 11. Mmiliki mmoja aliuawa katika shambulio hilo. Aliwasindikiza waliokombolewa katika baridi kali mpaka wakavuka kuingia Kanada mwezi Machi 1859.

Kisha ikaja Harpers Ferry, Virginia, palipokuwa na ghala la silaha la serikali. Frederick Douglass, mwenyewe aliyewahi kuwa mtumwa, alikutana na Brown kwa siri Agosti 1859, akakataa kushiriki kwa kuwa aliuona mji ule kuwa mtego. Brown hakusikia. Usiku wa tarehe 16 Oktoba aliushambulia na wafuasi wake, nao wote pamoja walikuwa 22, watano kati yao wakiwa weusi. Mmoja wa hao, Dangerfield Newby, alikuwa na mke na watoto waliokuwa bado utumwani Virginia. Newby aliuawa bila ya kuwaona tena. Majaliwa yalivyo na kejeli, mtu wa kwanza kuuawa na washambuliaji alikuwa Heyward Shepherd, mtu mweusi huru aliyefanya kazi katika reli.

Watumwa aliotarajia wangemiminika hawakufika kwa wingi. Tarehe 18, askari wa serikali wakiongozwa na Robert E. Lee walilivunja jengo alimojificha. Wanawe wawili, Watson na Oliver, walipoteza maisha, naye akakamatwa akiwa na majeraha.

Hapa ndipo dai la wazimu linapoanguka. Mahakamani, wakili wake aliwasilisha habari kwamba ukoo wake una ugonjwa wa akili, utetezi ambao huenda ungemwokoa na kitanzi. Brown aliukataa katakata. Alinyongwa tarehe 2 Desemba 1859, akiacha maandishi mafupi ya kutabiri kwamba dhambi za nchi ile hazitasafishwa ila kwa damu. Miezi 16 baadaye vita vikalipuka. Askari wa Kaskazini walikwenda vitani wakiimba wimbo wenye jina lake. Watu zaidi ya 600,000 walikufa kabla ya utumwa kupigwa marufuku na katiba Desemba 1865. Aliyetabiri hayo hakuwa amepotewa na akili.

Mwaka 1881 Douglass alifika Harpers Ferry, akatoa hotuba ya kumsifu Brown katika Chuo cha Storer, kilichoanzishwa kuwasomesha watu waliotoka utumwani. Jukwaani nyuma yake aliketi Andrew Hunter, mwendesha mashtaka aliyempeleka Brown kitanzini.

Walimu wenzangu katika safari ya elimu, msiwape wanafunzi jibu la mkato, la shujaa au la mwendawazimu. Wawekeeni mezani Pottawatomie pamoja na wale 11 wa Missouri, Shepherd pamoja na Newby. Kisha waulizeni: sheria inapogeuka kuwa mnyororo, na kila mlango wa amani umefungwa, mtu afanye nini, na ni nani atakayeilipa gharama yake?