Daktari Aliyeona Mishipa ya Miti

Mtu akikuambia ya kwamba mwembe una mishipa kama wewe, huenda ukamcheka. Basi mmoja wa waliotuonyesha jambo hilo alikuwa daktari wa watu, jina lake Marcello Malpighi.

Alizaliwa mwaka wa 1628 karibu na Bologna, Italia. Alipokuwa na miaka 21 hivi wazazi wake wote wawili wakafariki, na kwa kuwa alikuwa kifungua mimba ilimbidi aache chuo kwanza aangalie wadogo zake. Hata hivyo alirudi, akahitimu udaktari mwaka wa 1653.

Yasimuliwa kwamba akiwa Messina alivunja tawi la mchestnati, kumbe ndani mna nyuzi zimechomoza! Akazichungulia kwa hadubini, akaona ni mirija. Kitabu chake juu ya mimea kilichapishwa London mwaka wa 1675 na 1679.

Jaribio lake tamu ni hili. Alibandua ganda la shina kama pete. Baada ya muda, juu ya pete kukavimba, chini wapi! Akatambua kuwa chakula hutengenezwa majanini, kisha hushuka kupitia gandani. Maji nayo hupanda ndani ya mti wenyewe. Siku hizi mirija ya maji twaiita zailemu, na ya chakula floemu. Katikati yake mna utando mwembamba, kambiamu, ambao huzaa zailemu upande wa ndani na floemu upande wa nje. Ndiyo sababu mwembe hunenepa mwaka baada ya mwaka, ilhali muwa wa Kano, usio na kambiamu, hauwi pipa hata ungoje vipi.

Hapa kwetu Kisumu tunalirudia jaribio hilo bila kujua. Mwarobaini ukibanduliwa ganda la dawa kuzunguka shina zima, mizizi hufa njaa polepole huku majani yangali mabichi, maana maji bado yanapanda. Ukikauka, watu husema umerogwa!

Malpighi hakustarehe. Mwaka wa 1684 nyumba yake iliungua pamoja na hadubini na maandishi yake. Mwaka wa 1689 mwalimu mwenzake, Sbaraglia, akachapisha kwamba uchunguzi wa namna hiyo haumponyi mgonjwa yeyote. Maneno hayo yalimkera sana mzee wetu. Mwaka wa 1691 Papa Innocent wa 12 akamwita Roma awe daktari wake, na huko ndiko alikofia mwaka wa 1694. Jibu lake kwa Sbaraglia lilitoka kitabuni mwaka wa 1697, mwenyewe yumo kaburini.