Shaaban Robert na Vita vya Dunia

Jina la Shaaban Robert linapotajwa, aghalabu msomaji wa Kiswahili hukumbuka Kusadikika, Kufikirika, Adili na Nduguze au Wasifu wa Siti Binti Saad. Ni nadra kutajwa Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945, wenye takriban beti 3,000. Ilhali kazi hiyo ndiyo iliyobeba tukio zito kuliko yote yaliyoikumba dunia katika uhai wake, na ndiyo inayozua swali gumu kuhusu msimamo wake: mtu aliyetawaliwa aliwezaje kuviita vita vya watawala wake vita vya uhuru?

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Alikuwa hajatimiza miaka sita Waingereza waliposhusha majeshi kutoka India kwenye pwani ya Tanga, Novemba 1914, wakatimuliwa na jeshi la von Lettow-Vorbeck ambalo wengi wa askari wake walikuwa Waafrika. Vita hivyo viliendelea katika Afrika Mashariki hadi Novemba 1918. Walioangamia kwa wingi zaidi ni wapagazi waliobeba vyakula na risasi, ambao njaa na maradhi viliwamaliza kuliko bunduki. Vilipokwisha, bendera ikabadilika. Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na mtoto aliyezaliwa chini ya Kaisari akasomeshwa chini ya Mfalme wa Uingereza.

Masomo yake aliyapata Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, kisha akaajiriwa kuwa karani wa forodha. Kazi hiyo ilimfikisha Pangani, mji ambao Abushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani Desemba 1889 kwa kuwapinga. Vita vya Abushiri vilikuwa tayari vimetungiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa upande huo huo wa Tanga. Kabla yake Mwengo alikuwa ametunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, na baadaye Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi wa Vita vya Maji Maji. Hivyo basi, Shaaban Robert alipoamua kusimulia vita kwa utenzi, hakubuni desturi ngeni. Alirithi kazi ya kale ya mshairi wa pwani, ya kuwahifadhia watu wake habari za mapambano.

Chimbuko la vita alivyovisimulia linarudi kwenye amani iliyovitangulia. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliinyang'anya Ujerumani makoloni yake na kuitwika fidia kubwa. Uchumi wa dunia ulipoporomoka kuanzia mwaka 1929, umaskini na kinyongo vilimfungulia Hitler njia, akashika madaraka mwaka 1933. Mwaka 1935 Mussolini aliivamia Ethiopia, na mataifa yaliyoahidi kulinda amani yakashindwa kumzuia. Wakati huo Ujerumani ilikuwa ikidai kurudishiwa makoloni, Tanganyika ikiwamo. Kwa hiyo, vita vilipolipuka Septemba 1939, havikuwa ugomvi wa mbali kwa karani wa Pangani. Ushindi wa Hitler ungeweza kuwarudisha Wajerumani, safari hii wakiwa na itikadi iliyomhesabu mtu mweusi kuwa kiumbe duni.

Waafrika hawakubaki watazamaji. Mwaka 1941 askari wa King's African Rifles, jeshi lililojulikana kwa wenyeji kama Keya, walishiriki kuwafukuza Waitalia kutoka Somalia na Ethiopia, na Mei mwaka huo Haile Selassie akarejea Addis Ababa. Mwaka 1942 walipelekwa Madagaska, na mwaka 1944 wakapigana na Wajapani katika misitu ya Burma. Ujerumani ilisalimu amri Mei 1945. Agosti mwaka huo mabomu ya atomiki yaliteketeza Hiroshima na Nagasaki, na Japani nayo ikasalimu amri.

Shaaban Robert hakushika bunduki. Alikaa forodhani hadi mwaka 1944, akahamishiwa Idara ya Wanyama huko Mpwapwa, na mwaka 1946 akarudi Tanga. Katika miaka ya utumishi wake alifiwa na mkewe Amina, aliyemtungia shairi la maombolezo linalosomwa hadi leo, akabaki na jukumu la malezi. Mambo Leo, gazeti la serikali ambalo yeye mwenyewe alilitungia mashairi, lilikuwa miongoni mwa njia kuu za habari kwa wasomaji wa Kiswahili nchini. Kutokana na habari za namna hiyo ilimlazimu mtunzi kuingiza majina ya Kizungu na ya Kijapani katika mishororo ya mizani nane, na kuyapatia vina.

Hapana budi kukiri kwamba chemchemi hiyo ya habari ilikuwa ya upande mmoja. Utenzi unasimama pamoja na mataifa yaliyopigana na Ujerumani, Italia na Japani, na kwa sababu hiyo unaweza kusomwa kama sauti ya mtumishi mtiifu. Hata hivyo, hukumu hiyo ina haraka. Neno uhuru likishatamkwa halikubali kugawiwa kwa mizani mbili. Ikiwa ni haki kufa kwa ajili ya uhuru wa Poland na Ufaransa, hapana hoja ya kumnyima uhuru askari aliyeupigania. Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, ambamo Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, naye anawatetea wajumbe waliotumwa ng'ambo wakarudi na mema ya kuifaa nchi, wakalipwa kifungo. Ni vigumu kuisoma hadithi hiyo bila kuwakumbuka askari waliorejea kutoka Burma, wakaikuta nchi yao bado ikitawaliwa.

Mwaka 1946 Tanganyika ilikabidhiwa kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, jambo lililoipa TANU, iliyoundwa mwaka 1954, baraza la kimataifa la kupelekea madai yake. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban Robert aliuishi kwa muda wa miezi sita tu, akafariki Juni 1962. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulichapishwa mwaka 1967, mtunzi akiwa kaburini na neno uhuru likiwa limekwisha kupata maana ambayo magazeti ya vita hayakuikusudia.