Mbaruk bin Rashid wa Gazi: Maisha ya Muasi na Hatima ya Mali Yake

1. Utangulizi

Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, mtawala wa Gazi, anajulikana na wasomi wa historia ya pwani kwa vita vyake. Wapo wanaomhesabu miongoni mwa watangulizi wa upinzani dhidi ya ukoloni, na wapo wanaomwona kuwa kabaila aliyepigania ukubwa wa nyumba yake. Mjadala huo una umuhimu wake, lakini umefunika jambo jingine, yaani yaliyoipata mali yake baada ya kushindwa. Makala hii inaeleza maisha yake kwa kulifuata jambo hilo. Tunakusudia kuonyesha kwamba vita vya 1895 hadi 1896 vilikwisha katika muda usiotimia mwaka, ilhali kutwaliwa kwa mali za walioitwa waasi kuliendelea kuzaa matokeo muda mrefu baada ya wahusika wenyewe kuzikwa.

2. Nyumba iliyopoteza Mombasa

Wamazrui waliitawala Mombasa hadi 1837, Seyyid Said bin Sultan alipowaondoa. Rashid bin Salim, liwali wa mwisho wa ukoo huo na baba yake Mbaruk, alikamatwa pamoja na jamaa zake, wakapelekwa ng'ambo wasirudi tena. Waliosalia waligawanyika: tawi moja likakaa Takaungu, kaskazini ya Mombasa, na jingine likakaa Gazi, kusini yake.

Mbaruk alikulia katika kumbukumbu ya hasara hiyo. Alipoushika utawala wa Gazi aliasi mara kwa mara dhidi ya masultani wa Unguja, hasa wakati wa Seyyid Barghash (1870–1888). Kimbilio lake lilikuwa boma la Mweli, katika vilima vya bara. Mwaka 1882 jeshi la Sultani chini ya Lloyd Mathews lilimzingira huko. Hata hivyo, baadaye alirudi Gazi. Mtindo huu una maana kwa hoja yetu. Chini ya masultani, uasi wake ulimalizwa kwa suluhu, na muasi akarejea kwenye mashamba yake.

Aidha, hatuna budi kusema wazi kwamba mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na kwamba majirani wa bara waliteseka kwa uvamizi wa watu wake. Aliyenyang'anywa naye alikuwa amenyang'anya.

3. Vita vya ndugu, 1895–1896

Chanzo cha vita vya mwisho kilikuwa mirathi. Mwanzoni mwa 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkuu wa Takaungu. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani wakati huo ilimtambua mwanawe, Rashid bin Salim. Mpinzani wake, ambaye naye aliitwa Mbaruk bin Rashid lakini hakuwa huyu wa Gazi, alidai ukubwa kwa hoja ya umri na nasaba, akiungwa mkono na nduguye Aziz. Waliposhindwa walikimbilia kusini. Mbaruk wa Gazi, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa amepatana na Kampuni, akatakiwa kuwatoa jamaa zake, asikubali.

Tarehe 1 Julai 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake, na ugomvi wa ukoo ukawa uasi dhidi ya dola. Mwezi Agosti wanamaji wa Admeri Rawson waliliteka na kulibomoa boma la Mweli. Mapigano yaliendelea vichakani hadi askari walipoletwa kutoka India. Mwezi Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka pamoja na wafuasi wake, akajisalimisha kwa Gavana Hermann von Wissmann wa Afrika Mashariki ya Kijerumani.

4. Kutwaa mali

Mashamba ya Mbaruk na ya waasi wenzake yalitwaliwa na serikali. Hapa ndipo neno muasi lilipofanya kazi yake. Katika mgogoro wa mirathi kuna wadai wawili. Serikali ikishamtambua mmoja, wa pili huwa muasi, na mali ya muasi huonekana kuwa halali kutwaliwa. Lakini fiqhi ya Kishafii na ya Kiibadhi, ambazo ndizo zilizojulikana pwani, hazihesabu mali ya Muislamu aliyeasi kuwa ghanima, hata kama watawala hawakuifuata kanuni hiyo daima. Kwa hiyo tendo hili lilifanywa katika nchi ambayo kisheria ilikuwa bado ya Sultani, kwa kanuni ambayo wanazuoni wake wasingeikubali.

Jambo la pili ni kwamba Gazi haikuwa shamba la mtu mmoja. Chini ya jina la Mbaruk waliishi jamaa, wateja na watumwa, kila mmoja akiwa na kipande alichokilima bila hati. Jina la mkubwa lilipofutwa, kilichowalinda kilifutwa nalo, wakawa wakulima juu ya ardhi ya Serikali. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilihitaji madai yathibitishwe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali.

Tawi lililoungana na serikali nalo halikusalimika daima. Ardhi ya Wamazrui wa Takaungu iliwekwa chini ya wadhamini kwa sheria ya 1914, na sheria hiyo ikafutwa mwaka 1989 na serikali ya Kenya huru.

5. Dar es Salaam

Mbaruk aliishi Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910. Mji ulikuwa makao makuu ya Wajerumani tangu 1891, na ofisi zao zilisimama ufukweni, katika eneo tuliitalo leo Posta. Waliompokea hawakuwa na huruma zaidi kuhusu ardhi: amri ya Kaisari ya Novemba 1895 ilikuwa imekwisha kuifanya ardhi yote iliyodhaniwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola.

Oktoba 1896 aliletwa mjini humo mkimbizi mwingine, Khalid bin Barghash, mwana wa yule Sultani aliyepigana na Mbaruk. Wafuasi wake Unguja walitozwa fidia. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, zamu ikawa ya Wajerumani: mali zao zilitwaliwa kama mali za adui. Jina Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa vita hivyo, ni kumbukumbu ya zamu hiyo.

6. Hitimisho

Tangu Azimio la Arusha la 1967 tumezoea neno kutaifisha, ambalo hudai kwamba mali inapewa taifa. Yaliyompata Mbaruk hayawezi kuitwa hivyo, kwani hapakuwa na taifa la kupewa. Mtafiti wa maisha ya watawala walioshindwa asiishie kuuliza nani alishinda vita. Aulize pia ni nani waliokuwa wakilima chini ya jina la aliyeshindwa, na kama yupo aliyewauliza wao kabla ya kulifuta.