Stephen Hales na Mizani ya Alizeti

Makala haya yamhusu Stephen Hales, kasisi wa Uingereza ambaye sisi walimu wa Sayansi tunaweza kujifunza kwake namna ya kuuliza mmea swali. Alizaliwa Kent mwaka 1677, akasoma Cambridge, na tangu mwaka 1709 hadi alipofariki mwaka 1761 alilihudumia kanisa la kijiji cha Teddington, karibu na London. Hakuwa na maabara ya chuo; alikuwa na bustani, vyungu na mizani.

Mwaka 1724 alichukua alizeti iliyoota chunguni, akaufunika mdomo wa chungu kwa bati la risasi ili maji yasipotee udongoni, kisha akaipima asubuhi na jioni. Kwa mchana mmoja ilipoteza wastani wa gramu 570 hivi za maji. Usiku, kidogo sana. Tena, tawi lenye majani lilinyonya maji mengi kuliko tawi lililopukutishwa. Akatambua kwamba majani huyavuta maji juu kwa kuyatoa hewani. Leo twajua kwamba maji hupita katika mishipa ya jani, yakatoka kama mvuke kwa matundu madogo yaitwayo stomata, ambayo katika mimea mingi hufumba usiku.

Wataalamu wengi wa zama zake walidhani kwamba maji ya mti huzunguka kama damu mwilini. Hales, ingawa alichunguza sana damu, alivifuata vipimo, navyo vilikataa. Alikata pia mzabibu usio na majani, akaona maji yakipanda kwa nguvu katika mirija ya kioo: kumbe mizizi nayo husukuma. Hayo yote aliyachapisha mwaka 1727.

Hapa Nyololo, mtoto aliyeona mwanzi uliokatwa ncha ukidondosha ulanzi wakati wa mvua hatayastaajabia hayo. Hata hivyo twamwandikia ubaoni kwamba majani hupoteza maji; akariri, afaulu, wala hajapima kamwe. Alizeti tunayo, kopo na nailoni ya kulifunika tunazo, mizani ya dukani yaazimika. Basi wanafunzi wakisie kwanza, wapime siku tano, waandike. Na kipimo kikimpinga mwalimu, tuwe na moyo wa kasisi yule.