Arturo Schomburg, mkusanyaji vitabu wa Harlem

Arturo Schomburg alizaliwa Puerto Rico mwaka 1874. Yasimuliwa kwamba akiwa mwanafunzi aliambiwa na mwalimu wake kuwa watu weusi hawana historia. Alihamia New York mwaka 1891, na kwa zaidi ya miaka ishirini alishughulikia barua katika benki moja ya mji huo. Mshahara wake ulikuwa wa kawaida, lakini alisaka bila kuchoka vitabu, hati na picha za watu weusi, yakiwemo mashairi ya Phillis Wheatley, mtumwa aliyechapishiwa kitabu mjini London mwaka 1773.

Wakati huo Harlem ilikuwa imekwisha kuwa makao makuu ya Wamarekani weusi, na maktaba ya mtaa wa 135, iliyofunguliwa mwaka 1905, ilikuwa baraza lao. Mwaka 1926 wakfu wa Carnegie uliinunulia maktaba hiyo mkusanyo wake, wenye vitabu zaidi ya 5,000, kwa dola 10,000. Schomburg alifunga safari ya Ulaya, kutafuta vingine.

Tangu mwaka 1932 alikuwa mtunzaji wa hazina hiyo aliyokwisha kuiuza, hadi alipofariki dunia tarehe 10 Juni 1938. Maktaba hiyo, ambayo leo ina jina lake, humpokea msomaji yeyote bila malipo.