Florence Kelley: Mama aliyewaunganisha wanunuzi kutetea wanyonge

Wanunuzi ni wengi kuliko kundi jingine lolote katika taifa, lakini kila mmoja aingiapo dukani peke yake huwa mnyonge mbele ya mwenye kiwanda. Florence Kelley, Mmarekani aliyefariki mwaka wa 1932, aliutambua unyonge huo mapema, akatumia zaidi ya miaka 30 ya maisha yake kuugeuza kuwa nguvu.

Alizaliwa Septemba 12, 1859 jijini Philadelphia. Babake, William Darrah Kelley, alikuwa mpinzani wa utumwa aliyehudumu katika Bunge la Congress tangu 1861 hadi alipofariki 1890. Jamaa hiyo, pamoja na hadhi yake, haikuepushwa na mauti: dada zake Florence wote watano walifariki wakiwa watoto. Nyanya mmoja wa ukoo, Sarah Pugh, alikuwa amekataa kutumia sukari na pamba kwa kuwa zilitokana na jasho la watumwa. Funzo kwamba anayenunua ana wajibu kwa aliyetengeneza halikumtoka binti huyo.

Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka wa 1882. Aliponuia kuendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania alinyimwa nafasi kwa sababu ya jinsia yake, akaenda Zurich, Uswisi. Huko aliolewa na mwanafunzi wa udaktari, wakajaliwa watoto watatu. Ndoa hiyo iliingia dhuluma, na mwaka wa 1891 alikimbilia Chicago pamoja na wanawe, akapokewa katika makao ya Hull House yaliyoongozwa na Jane Addams.

Chicago ilimfumbua macho. Nguo zilizouzwa katika maduka ya fahari zilishonwa na wanawake na watoto katika vyumba vya kukodi vilivyosongamana, kwa malipo duni na saa zisizo na kikomo. Mwaka wa 1893 jimbo la Illinois lilipitisha sheria ya kupiga marufuku ajira viwandani kwa watoto wa chini ya miaka 14 na kuweka saa nane za kazi kwa wanawake. Gavana John Peter Altgeld alimteua Bi Kelley kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda. Mwaka uliofuata ndui ilipozuka, alizikuta nguo zikishonwa katika nyumba zenye wagonjwa, tayari kupelekwa madukani. Hapo ilidhihirika kwamba afya ya mnunuzi na maslahi ya fundi ni jambo moja.

Hata hivyo, mnamo 1895 Mahakama ya Juu ya Illinois ilibatilisha kipengele cha saa nane, na Altgeld aliposhindwa uchaguzini, Bi Kelley naye alipoteza wadhifa wake.

Mlango mwingine ulifunguka mwaka wa 1899. Vyama vya wanunuzi vya miji mbalimbali viliungana kuunda Ligi ya Kitaifa ya Wanunuzi, naye akawa katibu mkuu wake jijini New York hadi mwisho wa uhai wake. Ligi ilibuni lebo nyeupe iliyoshonwa kwenye nguo za ndani za wanawake na watoto, ithibati kuwa kiwanda kilitii sheria na hakikuajiri watoto. Ligi hiyo iliunga mkono pia sheria ya mwaka wa 1906 ya kudhibiti vyakula na dawa.

Mwaka wa 1908, mwenzake Josephine Goldmark na wakili Louis Brandeis waliwasilisha mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani ushahidi wa zaidi ya kurasa 100 kuhusu madhara ya kazi ya saa nyingi kwa afya ya wanawake. Jimbo la Oregon, lililotetea sheria yake ya saa 10, lilishinda.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wanawake walipopata haki ya kupiga kura mwaka wa 1920, mashirika yao, Ligi ya Wanunuzi ikiwemo, yaliunda kamati ya pamoja ya kushawishi wabunge. Tunda lake la kwanza kubwa lilikuwa Sheria ya Sheppard-Towner ya 1921, iliyotenga fedha za serikali kuu kwa afya ya akina mama na watoto wachanga. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliipinga vikali, na mwaka wa 1929 mpango huo ukakoma.

Hayo hayakuwa mapigo ya pekee. Mwaka wa 1923 mahakama hiyo hiyo ilifuta sheria ya kima cha chini cha mshahara kwa wanawake wa Washington. Marekebisho ya katiba kuhusu ajira ya watoto, yaliyopitishwa na Congress 1924, hayakuidhinishwa na majimbo ya kutosha.

Bi Kelley alifariki Februari 17, 1932, wakati mengi aliyoyajenga yakionekana kuporomoka. Lakini Frances Perkins, aliyewahi kufanya kazi katika tawi la ligi hiyo New York, aliteuliwa Waziri wa Leba mwaka wa 1933. Miaka mitano baadaye, Marekani ilipitisha sheria ya kitaifa ya kima cha chini cha mshahara, mipaka ya saa za kazi na udhibiti wa ajira ya watoto. Aliyeipigania hakuishi kuiona, ila alikuwa amewaachia wengine chama kilicho hai na njia iliyokwisha kufyekwa.